Jinsi ya kunasa majina na miamala iliyojirudia kwenye Excel kabla chama hakijagawana pesa

Kabla hujafungua menyu yoyote, jiulize mstari mmoja wa orodha yako unasimamia nini: mtu mmoja, au muamala mmoja? Kwenye rejesta ya wanachama, mtu hapaswi kujirudia. Kwenye orodha ya michango, mtu lazima ajirudie kila mwezi; kisichopaswa kujirudia ni muamala. Nimeona katibu akichukua orodha ya michango ya mwaka mzima na kuipitisha kwenye kitufe cha kufuta marudio kwa kufuata safu ya majina, na kila mwanachama akabaki na mchango wake wa Januari peke yake.

Kazi yangu ni kuwekea vyama hesabu, yaani vikundi vya watu wanaochanga pesa pamoja na kugawana baadaye. Vingi viko Eastlands ya Nairobi: Kayole, Dandora, Umoja, Kariobangi, na welfare (vikundi vya kusaidiana) kadhaa za watu wa kanisa moja au ploti moja. Ikifika Novemba simu zinaanza, kwa sababu Desemba ndiyo ya kugawana, na ombi ni lile lile: "Tuangalizie kama kuna majina yamejirudia." Naeleza hapa ninavyofanya ili katibu au mweka hazina aweze kuifanya mwenyewe, hata kama kompyuta ni ya saiba (duka la intaneti) na analipia kwa dakika. Natumia Excel. Karibu fomula zote hizi zinafanya kazi pia kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc, ila vitufe viko mahali pengine.

Jina likijirudia, mtu mmoja anapata migao miwili na wengine wanapunjwa. Hilo kila mtu analiona na kila mtu analipigia kelele. Lisiloonekana upesi ni la upande wa pili: umefuta mstari kwa kuwa ulifanana na mwingine, kumbe ulikuwa wa mtu halisi. Mama aliyechanga mwaka mzima kutokana na mitumba ya Gikomba anafika siku ya kugawana, jina lake halisomwi. Mimi naogopa hilo la pili kuliko la kwanza. Ndiyo maana katika kazi hii kufuta huja mwisho, na mara nyingi hakuhitajiki kabisa.

Tayarisha faili

Hifadhi nakala kwa jina jipya, na ile ya asili usiiguse tena. Kisha ongeza safu mpya kushoto kabisa, uipe kila mstari namba: 1, 2, 3 hadi mwisho. Andika 1 na 2, chagua seli zote mbili, vuta hadi chini. Ziwe namba za kuandikwa, zisiwe fomula, kwa sababu utaipanga orodha hii upya mara nyingi na fomula itabadilika nayo. Ukiwa na namba hizo unaweza kurudi kwenye mpangilio wa mwanzo wakati wowote, na unaweza kumwambia mweka hazina "angalia mstari wa 61" mkaelewana kwenye simu.

Rejesta nyingi za vyama zimepambwa: seli zimeunganishwa, kuna kichwa cha "KUNDI LA KWANZA" katikati, kuna mistari mitupu ya kupumzisha macho. Ondoa yote hayo kwenye nakala yako. Excel hukataa kupanga seli zilizounganishwa, na mstari mtupu unaweza kuifanya idhani orodha imeishia hapo.

Kwa mifano ya rejesta, nachukulia safu ziko hivi: A ni namba ya mstari, B ni jina, C ni simu, D ni kitambulisho, na orodha inaanzia mstari wa 2 hadi wa 400. Badilisha hiyo 400 kulingana na yako.

Chagua kitu cha kumtambulisha mtu

Jina ndilo tunalolitegemea sana na ndilo linalotuangusha sana. Kwenye kitambulisho mtu ana majina matatu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha mawili. Kwenye kijitabu cha mkutano ameandikwa Mama Brayo. Huyo ni mtu mmoja. Halafu kuna John Kamau wawili ambao hawajuani hata kidogo, mmoja ni fundi wa jua kali na mwingine ana duka la chakula cha mifugo.

Namba ya kitambulisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nyingi zina tarakimu 8, za wazee wetu zina 7. Kama chama chako kilichukua namba za vitambulisho wakati wa kusajili watu, anza na hizo. Shida ni kwamba vyama vingi havikuchukua, au safu ya D imejaa nusu. Hapo inabaki simu.

Simu ni nzuri lakini ina mambo yake. Mama na binti wanaweza kutumia laini moja. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili, moja ya biashara na moja ya nyumbani. Kwa hiyo simu ikijirudia inakupa mtu wa kumuuliza. Haikupi ruhusa ya kufuta.

Safisha namba za simu

Hapa ndipo muda wangu mwingi unakwenda, na ndipo marudio mengi yanapojificha. Namba moja ya Kenya huandikwa kwa njia hizi zote ndani ya rejesta moja:

0700 000 000
+254 700 000 000
254700000000
0700-000-000
700000000

Ile ya mwisho hakuna aliyeiandika hivyo. Mtu aliandika 0700000000, Excel ikaona ni hesabu, ikaondoa sifuri ya mbele. Kwa macho yako hizi tano ni namba moja. Kwa Excel ni vitu vitano tofauti, na hakuna kitufe kitakachokuonyesha kwamba zimejirudia.

Kinachofanana katika zote ni tarakimu tisa za mwisho. Hata namba za 01 zilizokuja baadaye zinafuata kanuni hiyo. Kwa hiyo kwenye safu ya E andika:

=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2," ",""),UNICHAR(160),""),"-",""),9)

Isome kutoka ndani kwenda nje. SUBSTITUTE ya kwanza inaondoa nafasi za kawaida. Ya pili inaondoa nafasi ya aina nyingine, ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye wavuti. Kwa macho inafanana kabisa na ya kawaida, lakini kwa kompyuta ni herufi tofauti. Ya tatu inaondoa vistari. RIGHT inachukua tarakimu tisa za mwisho. Kama saiba bado ina Excel ya kabla ya 2013, UNICHAR haimo. Weka CHAR(160) mahali pake. Vuta fomula hadi chini.

Kisha hakikisha mambo mawili. La kwanza, andika =LEN(E2) pembeni, inayohesabu herufi zilizomo kwenye seli: ikitoa chini ya 9, kuna tarakimu iliyoanguka na namba hiyo haifai kulinganishwa na yoyote hadi uipate nzima. La pili, andika =LEN(C2). Namba yenye +254 na nafasi zake zote haizidi herufi 16. Ikizidi, karibu kila mara mtu ameweka namba mbili kwenye seli moja, na fomula imechukua ya pili tu. Zitenganishe. Wanachama walioko Doha au Dubai wenye namba za huko waangalie kwa macho; huwa ni wachache.

Sasa kuna mtego mmoja ambao ningependa kila katibu wa Nairobi aujue. Namba inayoanza na 254 ina tarakimu 12. Excel ikiichukulia kama hesabu ya kawaida, huionyesha kama 2.547E+11. Hapo bado hakuna kilichopotea; namba nzima imo ndani ya seli, na ile fomula ya juu itaipata. Lakini ukihifadhi faili hiyo kama CSV (faili ya maandishi matupu) katika hali hiyo, Excel huandika kile kinachoonekana. Ukiifungua tena, wote ambao namba zao zinaanza na tarakimu zile zile chache za mbele wanaanza kufanana, na tarakimu za mwisho hazipo tena popote ndani ya faili. Unaletewa orodha yenye "marudio" mia, na hakuna hata rudio moja la kweli. Ukiona E+11 kwenye safu ya simu, usihesabu chochote. Kama faili bado ni ya Excel, chagua safu, nenda kwenye Format Cells, chagua Number, weka desimali sifuri. Kama imeshapitia CSV, omba faili ya asili. Hakuna fomula ya kurudisha tarakimu zilizokwisha tupwa.

Safisha majina

Majina hayatakupa hukumu, lakini yatakuonyesha pa kuchungulia. Kwenye F:

=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(TRIM(B2)),"'",""),"’",""),"`","")

TRIM huondoa nafasi za mwanzo na mwisho, na zile mbilimbili za katikati. UPPER hufanya herufi zote kubwa. Excel haijali kubwa na ndogo inapohesabu marudio, lakini macho yako yanajali unaposoma orodha ndefu. Hizo SUBSTITUTE tatu ni kwa ajili ya akina Ng'ang'a, Ong'era, Nyong'o na Ang'ienda. Alama ile ya juu huandikwa kwa njia tatu: iliyonyooka kutoka kwenye kibodi ya kompyuta, iliyopinda ambayo simu na Word hupenda kuiweka, na ile ya kuegemea ambayo mtu huibonyeza akiikosa ile sahihi. Kwa Excel, Ng'ang'a wa alama iliyonyooka na Ng’ang’a wa alama iliyopinda ni watu wawili. Kuondoa alama zote kwenye safu ya kazi ndiyo njia fupi. Jina la mwenyewe kwenye safu ya B linabaki kama alivyoliandika, na libaki hivyo, kwa sababu ndilo litakalosomwa mkutanoni.

Wairimu na Wairimũ pia zitaonekana tofauti. Vivyo hivyo Mohamed, Mohammed na Muhammad. Kwa hizo sina fomula ninayoiamini. Panga orodha kwa safu ya F, soma polepole, kisha ipange tena kwa jina la mwisho. Rejesta ya watu mia mbili haichukui hata saa.

Hesabu

Kwenye G, mara ngapi simu hii inaonekana kwenye rejesta nzima:

=IF(E2="","",COUNTIF($E$2:$E$400,E2))

Kwenye H, huu ni mstari wa ngapi wenye simu hii kuanzia juu:

=IF(E2="","",COUNTIF($E$2:E2,E2))

Tazama alama za dola. Kwenye ya kwanza zimefunga mwanzo na mwisho, kwa hiyo kila mstari unahesabu orodha nzima. Kwenye ya pili zimefunga mwanzo peke yake, na mwisho unashuka pamoja na fomula. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa mtu unapata 1, unaofuata 2, na kuendelea. Sehemu ya IF ni ya kuzuia wasio na simu wote wasihesabiwe pamoja kana kwamba ni mtu mmoja mwenye sura nyingi.

Washa kichujio kwa Ctrl+Shift+L, na kwenye G chagua kila kilicho zaidi ya 1. Panga kwa E. Sasa wenye simu moja wamekaa karibu. Rudia hayo kwa D kama una vitambulisho, na kwa F kwa majina. Kama namba unazolinganisha zina zaidi ya tarakimu 15, usitumie COUNTIF, maana Excel hutunza tarakimu 15 tu za hesabu na COUNTIF hugeuza maandishi ya namba kuwa hesabu. Tumia =SUMPRODUCT(--($D$2:$D$400=D2)) na uhakikishe safu yenyewe imewekwa kama maandishi.

Kuna pia njia ya rangi: Home, Conditional Formatting, Highlight Cells Rules, Duplicate Values. Inafaa kwa kuangalia haraka. Inapaka rangi wote, wa kwanza na wa pili, na haikuambii yupi ni yupi. Ipitishe kwenye safu ya E iliyosafishwa; kwenye C haitakusaidia.

Huu ni mfano wa kinachojitokeza, mistari mitatu baada ya kupanga:

14 – Peter Ng'ang'a Mwangi, simu inayoishia 000, kitambulisho kipo
61 – PETER NGANGA, simu inayoishia 417, kitambulisho hakipo
88 – P. Ng’ang’a Mwangi, simu inayoishia 000, kitambulisho hakipo

Mstari wa 14 na wa 88 simu imewashika. Wa 61 haukushikwa na chochote isipokuwa jina, tena la mawili tu. Anaweza kuwa laini ya pili ya Peter huyohuyo. Anaweza kuwa binamu yake. Excel imemaliza kazi yake hapa. Kinachofuata ni kupiga simu.

Michango na taarifa ya M-Pesa

Kwenye orodha ya michango, kitambulisho cha muamala ni ile kodi (code) ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10. Kila muamala una yake. Makosa mengi ya hapa yanatokana na WhatsApp: mwanachama anatuma ujumbe wa malipo kwenye kundi, mweka hazina naye anausambaza tena jioni kutoka kwenye simu yake, katibu anaandika mara mbili. Kama safu ya kodi ni F:

=IF(F2="","",COUNTIF($F$2:$F$900,F2))

Hiyo itawanasa wote walionakiliwa. Waliochapwa kwa mkono huponyoka, kwa sababu O na sifuri zinafanana, na I na 1 zinafanana. Hakikisha kwanza kila kodi ina urefu wa 10 kwa =LEN(TRIM(F2)), kisha panga kwa tarehe na kiasi uone kodi mbili zinazotofautiana herufi moja. Zikiwa ni za mtu mmoja na pesa ni zile zile, fungua ujumbe wenyewe usome.

Mchango wa taslimu hauna kodi. Hapo unganisha vitu vitatu, tuseme tarehe iko B, namba ya mwanachama (ile namba ya mstari wake kwenye rejesta) C na kiasi E:

=COUNTIFS($B$2:$B$900,B2,$C$2:$C$900,C2,$E$2:$E$900,E2)

Kama tarehe zako zimebeba na saa, tengeneza kwanza safu ya =INT(B2), inayoondoa saa na kubakiza tarehe, na uitumie badala ya B, la sivyo sekunde moja ya tofauti itaficha rudio.

Sasa taarifa ya M-Pesa yenyewe, ile ya laini ya mweka hazina. Ina safu za Receipt No., Completion Time, Details, Transaction Status, Paid In, Withdrawn na Balance. Ukihesabu Receipt No. peke yake utashtuka, maana nyingi zinatokea mara mbili. Soma Details. Mstari mmoja ni pesa zilizotumwa, na mwingine ni ada ya kutuma, nao una risiti ile ile. Kama laini ina Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha), unaweza kuukuta na wa tatu. Hayo si marudio. Ukiyafuta, hesabu yako haitakubaliana na salio hata ukeshe.

Rudio la kweli kwenye taarifa hutokea pale mtu anapounganisha taarifa mbili zinazopishana, tuseme ya Januari hadi Juni na nyingine ya Juni hadi Desemba, na Juni nzima ikaingia mara mbili. Lipate kwa kuunganisha risiti na salio. Mstari wa pesa na mstari wa ada haviwezi kuwa na salio moja, kwa sababu ada imeshapunguza. Mstari ulioingia mara mbili utakuwa na risiti ile ile na salio lile lile:

=COUNTIFS($A$2:$A$900,A2,$G$2:$G$900,G2)

Chochote kinachotoa 2 hapa ni rudio, na hiki ndicho kituo kimoja katika kazi nzima ambapo natoa mstari mmoja kati ya hiyo miwili bila kumuuliza mtu.

Uliza mwenyewe

Weka safu ya mwisho uiite Uamuzi. Mimi naandika moja ya maneno matatu: abaki, aunganishwe, aulizwe. Wale wa kuulizwa nawapigia mmoja mmoja. Chukua mama mwenye mia tano mbili za siku moja kutoka laini yake:

"Hujambo mama? Ni mimi wa hesabu za chama."
"Sijambo mwanangu."
"Tarehe tano naona umetuma mia tano, halafu mia tano tena. Ulirudia?"
"Sikurudia. Ya kwanza yangu, ya pili ya dada yangu. Yeye simu yake iliharibika."

Kodi ni mbili, pesa ni mbili, wachangaji ni wawili, laini ni moja. Hakuna fomula ingejua hayo. Mia tano ya pili inaandikwa kwa dada.

Usiweke orodha hiyo kwenye kundi la WhatsApp ili watu wajitambue. Namba za vitambulisho na simu ni data ya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakugusa hata wewe katibu wa chama cha watu thelathini. Zaidi ya sheria, hakuna mtu anayefurahia jina lake lioneshwe mbele ya wenzake lenye rangi nyekundu kana kwamba alijaribu kuchukua mara mbili.

Unganisha kabla ya kutoa

Tuseme Peter amethibitisha kwamba 14, 61 na 88 wote ni yeye. Ukifuta 61 na 88, umefuta pia njia ya kufikia pesa alizochanga chini ya majina hayo. Nenda kwenye orodha ya michango. Kila muamala ulioandikwa kwa 61 au 88, badilisha namba ya mwanachama iwe 14. Kabla ya kuanza, andika mahali jumla ya safu ya kiasi kwa =SUM(E2:E900). Ukimaliza, iangalie tena. Isipungue wala kuongezeka hata shilingi. Kisha kwenye rejesta, jumla ya kila mwanachama ipate kwa fomula hii, ambamo Michango ni jina la shiti ya michango:

=SUMIF(Michango!$C$2:$C$900,A2,Michango!$E$2:$E$900)

61 na 88 sasa watatoa sifuri. Sasa ndipo wanaweza kuondoka kwenye rejesta.

Kuhusu kitufe cha Remove Duplicates, kilichoko kwenye Data (kwa Google Sheets ni Data, Data cleanup, Remove duplicates): kinabakiza mstari wa juu na kufuta wa chini, na kinakuambia idadi tu bila kukuonyesha aliyeondoka. Ukikitumia, panga kwanza ili unayetaka abaki awe juu, na chagua kwa uangalifu safu za kulinganisha. Kwa orodha za wageni wa harusi kinatosha. Kwa pesa za watu sikitumii. Nachuja walioandikiwa "aunganishwe", nawakata, nawabandika kwenye shiti nyingine ninayoiita Zilizotolewa, pamoja na zile namba zao za mwanzo za mstari. Mwanachama akiuliza mwezi wa tatu jina lake lilienda wapi, mweka hazina anafungua shiti hiyo na kumwonyesha.

Funga mlango kwa mwaka ujao

Kabla mtu hajaandika chochote kwenye rejesta mpya, chagua safu ya simu na uiweke kama Text, ili sifuri ya mbele ibaki. Kubalianeni muundo mmoja wa kuandika namba, na muuandike juu kabisa ya safu. Halafu chagua C2 hadi C400, nenda Data, Data Validation, chagua Custom, uandike:

=COUNTIF($C$2:$C$400,C2)=1

Excel itakataa namba ambayo tayari imo. Kwenye Error Alert andika ujumbe kwa Kiswahili, kama "Namba hii imeshaandikwa, tafuta mwenyewe kwanza," ili anayechapa asidhani kompyuta imeharibika. Kwa wale wanaotumia laini moja kihalali, badilisha aina ya onyo kutoka Stop kuwa Warning. Itauliza, na katibu ataweza kukubali. Ulinzi huu hufanya kazi kwa anayechapa. Anayenakili namba kutoka WhatsApp na kubandika anaupita bila hata kuona onyo, kwa hiyo safu za E na G ziache palepale kwenye rejesta mpya, na mwisho wa kila mwezi uchuje zilizo zaidi ya 1 wakati bado ni mbili tatu na kila mtu anakumbuka alichotuma.